Koki Isiyopulizwa

Mafundi wa magari mjini pale walikuwa wengi kama utitiri, lakini fundi wa koki za hita alikuwa mmoja tu. Watu walimwita Fundi Koki, hata mbele ya mkwewe, naye hakujali. Kazi yake ilikuwa finyu mno: magari ya Kiingereza ya zamani, yale madogo ya viti viwili, yenye boneti refu na paa la turubai, ambayo wenyewe huyapenda kuliko yanavyowapenda wao. Mji ulikuwa wa baridi, na asubuhi nyingine ungeona watu wazima wanapuliza viganja kama watoto. Gari la namna ile bila hita ni adhabu. Hita nayo ina koki, na koki ndiyo inayoamua kama maji ya moto ya injini yapite kuja kukupasha miguu au yabaki huko huko yaliko.

Koki ikizeeka huvuja. Hilo halina ajabu, hata sisi tunavuja. Ajabu ni zile mpya za madukani ambazo, Mungu awasamehe waliozitengeneza, huvuja zikiwa bado ndani ya boksi. Ndiyo maana wenye akili zao walimletea Fundi Koki zile kuukuu. Alizifungua meno ya bati moja moja kwa bisibisi nyembamba, akatoa ngozi iliyochoka, akatia mpya, akayakunja meno tena kwa koleo. Ngozi, katika lugha ya karakana, ni kile kipande cha mpira cha duara kinachokaa katikati ya koki na kuziba njia ya maji. Ikikaa vizuri unasahau kwamba ipo.

Alikuwa na sharti moja ambalo lilimpa jina na kumkosanisha na wenye haraka. Koki haikutoka mezani kwake bila kupulizwa. Aliifunga, akatia mdomo kwenye tundu moja, akaziba la pili kwa kidole alicholowesha mate, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Kidole kikihisi ubaridi hata wa kusingizia, koki ilifunguliwa upya. Alifanya hivyo mara tatu kwa kila koki. Wenzake walikuwa na vipimo vya upepo vyenye mishale na namba, yeye akivicheka. "Mashine haina haya," alisema. "Mdomo una haya." Koki ikishafaulu aliigonga nukta moja kwa ncha ya msumari, pembeni, mahali ambapo mwenye gari hawezi kupaona. Nukta ile ndiyo ilikuwa neno lake kwamba ameipuliza na imeshika.

Katika miaka ishirini na sita nukta hiyo ilisema uongo mara moja tu.

Ilikuwa Ijumaa. Fundi ametoka hospitali juzi yake, homa ya mapafu imemwacha na kifua kinachokoroma, na mkewe amemkataza kabisa. "Ukiweka mdomo wako kwenye takataka hiyo, utazikwa nayo," alimwambia, na mama yule hakuwa mtu wa kutania kwenye mambo ya kuzikwa. Saa kumi akaja daktari wa meno, mwenye kile kigari cha kijani kilichoundwa kwa mikono yake mwenyewe miaka saba. Walikuwa marafiki. Daktari alikuwa na mzaha wake wa siku zote: "Mimi na wewe kazi yetu ni moja, Fundi. Sote tunahangaika na midomo." Alitaka koki yake, ambayo Fundi alikuwa ameshaitia ngozi mpya ila hajaipuliza, kwani alfajiri alikuwa na safari ya kwenda kumwona mama yake ng'ambo ya mlima.

Fundi angeweza kumwambia arudi Jumatatu. Angeweza kusema, ndugu yangu, leo sina pumzi. Aliona haya. Akaishika koki, akaitazama, akaona imekaa vizuri, na mkono ukaenda wenyewe kwenye msumari. Akagonga nukta. Kisha akalala chali chini ya dashibodi, maana katika gari lile koki ilikuwa ndani, juu kidogo ya miguu ya dereva, akaifunga kwa klipu mbili, akampa Daktari mkono wa kwaheri.

Kesho yake saa moja asubuhi gari lilitoka barabarani kwenye kona ya tatu ya mlima. Rejeta ilipondeka, maji yakatapakaa kila mahali, kwa hiyo hakuna aliyeuliza tone gani limetoka wapi. Wakaguzi walitafuta alama za breki kwenye lami wasizione, wakaandika kwamba dereva alisinzia. Watu wa msibani walinong'ona lingine. Mtu aliyelala usiku kucha, asiyegusa pombe, anasinziaje saa moja asubuhi na baridi ile? Labda alitaka mwenyewe. Fundi Koki aliyasikia yote mawili, akatulia kama maji ya mtungini. Nani ajuaye, alijiambia. Huenda koki ilikuwa nzima. Aliishi na hilo "huenda" miezi kumi na moja, na kila usingizi ulipomjia aliliweka chini ya mto.

Ndipo mjane akaleta gari.

Lilikuja juu ya lori, limenyooshwa, limepakwa rangi ya kijani ile ile, zuri mpaka Fundi akatazama pembeni. Mjane alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima bila kupaza.

"Shemeji," Fundi alimsalimu. "Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, Fundi. Nimekuletea mgonjwa wako. Fundi wa bodi amemaliza kila kitu, ila hita hakuigusa. Anasema hiyo ni yako."

"Ina tatizo gani?"

"Zulia halikauki. Upande wa dereva. Tunalikausha, kesho limelowa."

"Mvua hiyo, Shemeji. Turubai za magari haya ni kama kawa la kufunikia chakula."

"Gari limekaa ndani miezi miwili. Na rejeta ni mpya, haijatiwa maji hata kikombe." Akasita kidogo. "Maji yenyewe ni ya vuguvugu, Fundi."

Fundi alicheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mjane hakucheka. Alizunguka gari, akapitisha kidole juu ya mlango, halafu akauliza bila kumtazama:

"Siku ile alipokuja kuchukua koki, alikuwa na hasira?"

"Daktari? Hasira ya nini? Alikuwa anacheka."

"Hakukwambia neno la nyumbani?"

"Hapana, Shemeji. Alisema anakwenda kwa mama yake."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwanafunzi aliyepewa alama asizozielewa. Akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Fundi alilala chali chini ya dashibodi, miguu yake juu ya kiti, tochi mdomoni. Zulia lililolowana likamloanisha mgongo, na kweli maji yalikuwa na uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Aliiona nukta yake. Alifungua klipu, akaitoa koki, akaenda nayo mezani, akaibana kwenye jiliwa. Aliyainua meno ya bati moja moja, polepole, kama mtu asiyetaka kufika anakokwenda.

Ngozi ilikuwa imebanwa ukingoni. Wakati wa kukunja, jino moja la bati liliikamata, na hapo ilipokamatwa ilichanika, mpasuko wa urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hilo si kosa la kutafuta kwa darubini. Pumzi ya kwanza tu ingelitambua, hata pumzi ya mgonjwa.

Lile "huenda" lake likafa pale pale. Akakaa chini. Aliogopa, akaona aibu, na chini ya aibu aliona kitu kingine kibaya zaidi: alifurahi kwamba aliyeiona ngozi ile ni yeye peke yake. Akaitupa koki ndani ya kopo la vyuma chakavu, akalisukuma kopo chini ya meza kwa mguu.

Akatengeneza nyingine. Akaipuliza mara tatu, kisha mara tatu tena. Akaifunga, akakausha zulia kwa matambara, akalianika juani, akalirudisha. Baada ya chakula cha mchana zulia lilikuwa chapachapa.

Akafunga koki ya pili, mambo yakawa yale yale. Akapandwa na hasira, maana fundi hushika hasira kabla ya kushika hofu. Aliitoa hita nzima, mabomba yake, mipira yake, kila kitu, akaziba matundu kwa vizibo vya mpira, akafunga milango ya gari kwa ufunguo. Sasa ndani ya gari lile hapakuwa na njia yoyote ya maji. Alichovya kijiti kwenye rejeta, kikatoka na vumbi. Jumatano asubuhi alifungua mlango, na zulia lilikuwa linafuka mvuke.

Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, alikuwa mezani na koki ya mteja mwingine. Jua limejaa mlangoni, nje fundi viatu wa jirani anagombana na redio yake. Fundi Koki aliinua macho akaona kioo cha mbele cha gari la kijani kinaingia ukungu.

Ukungu ulianzia chini, kwenye dashibodi, ukapanda. Ulikuwa upande wa ndani. Ulipanda haraka kuliko pumzi ya watu wawili, mpaka kioo chote kikawa cheupe na gari likaonekana limefumba macho. Fundi alibaki na koleo hewani. Halafu, upande wa dereva, kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi, pakapanguswa.

Palipanguswa kwa ubavu wa kiganja, kipande kidogo cha upinde, kama afanyavyo dereva yeyote anayeendesha na kioo kimemfunga. Ukungu ukaparudia. Pakapanguswa tena. Ukaparudia. Sasa ikawa haraka haraka, bila mpango, juu, chini, pembeni, na Fundi akasikia mlio wa ngozi ya mkono juu ya kioo kilicholowa, kwii, kwii, kwii, mpaka mara moja ukakatika. Kioo kikabaki cheupe.

Alijikuta barabarani, hana habari ametokaje.

"Vipi, Koki? Umeona mwenye nyumba?" fundi viatu alimtania.

"Joto tu," alijibu, na meno yalikuwa yanagongana.

Hakurudi ndani. Alikwenda nyumbani, akamwambia mkewe yote, kuanzia nukta. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja, shati juu ya shati, mpaka mumewe aliponyamaza.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema mwishowe. "Mtu keshakufa. Ukisema atafufuka? Hita umeshaitoa, mrudishie mama wa watu gari lake, umwambie halina dawa. Una watoto wewe."

"Sijalala tangu Jumatatu."

"Na ukisema ndiyo utalala? Utalala wapi, mahabusu?"  Akaketi juu ya nguo alizozikunja. "Mimi ndiye niliyekukataza kupuliza, baba. Na mimi nalibeba hilo, usidhani uko peke yako."

"Ulinikataza kupuliza," Fundi alisema. "Hukuniambia nigonge nukta."

 Fundi alipokuwa anatoka, mkewe alimshika mkono mlangoni, akamwomba tena, kwa upole safari hii, awafikirie. Naye akaahidi. Alimaanisha, maskini. Alipanga maneno yake njia nzima: hita imeoza, nimeitoa yote, Shemeji, hutasumbuliwa tena. Yalikuwa maneno mazuri, na nusu yake kweli.

Mjane alikuja Alhamisi saa nane, ametoka shule, chaki bado vidoleni. Fundi alimpokea nje na kuanza kuyasema pale pale barabarani, ili asiingie. Aliingia. Alisimama mbele ya gari, mkoba begani, akimsikiliza kwa adabu.

"...nimeitoa yote, Shemeji. Hutasumbuliwa tena. Koti zito tu asubuhi, basi, gari linaendeka."

"Na maji yalikuwa yanatoka wapi?"

"Unyevunyevu tu. Magari haya yana mambo yake."

"Yana mambo gani, Fundi?"

Akafungua mdomo kumwambia mambo gani, na kioo kikaanza kupanda ukungu.

Mjane aliona. Hakupiga kelele wala hakurudi nyuma. Alitazama weupe ukipanda mpaka juu, akatazama kile kipande kikipanguswa, kikifungwa, kikipanguswa. Mlio ule ukaanza. Kwii, kwii. Mkoba ukamteleza begani ukaanguka, madaftari ya watoto yakatawanyika sakafuni, asiyaangalie.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "nani yumo?"

Fundi alijua kwamba bado ana nafasi ya kusema uongo. Angeweza kusema ni jua, ni mvuke wa zulia, ni macho yetu. Mwanamke yule angeondoka na gari lake, na kila mchana kioo kingepanguswa mbele yake peke yake, bila mtu wa kumwambia maana yake. Hilo hakuliweza. Aliinama chini ya meza, akavuta lile kopo, akachakura mpaka akaipata koki na ngozi yake, akamwekea kiganjani.

"Hii ndiyo niliyomfungia," alisema. "Kila koki huipuliza kabla haijatoka hapa. Hii sikuipuliza. Nilikuwa mgonjwa, nikaona haya kumwambia arudi Jumatatu. Nikagonga alama yangu kana kwamba nimeipuliza. Ona hapa. Imechanika. Nimeijua kwa hakika wiki hii, lakini kuihofia nimeihofia tangu siku ya msiba, nikanyamaza."

Mjane alikitazama kile kipande cha mpira. Kidole chake chenye chaki kikaugusa mpasuko.

"Kinafanya nini kikichanika?"

"Asubuhi ile kulikuwa na baridi, lazima alifungua hita. Injini ilipopata moto, hapa pakaachia. Maji yanayochemka yanamwagika juu ya miguu ya dereva, na mvuke unajaa ndani. Kioo kinafunga mara moja, Shemeji. Huoni hata boneti lako."

"Ripoti inasema hakufunga breki."

"Hakuweza. Pedali zilikuwa ndani ya maji ya moto. Mguu wa mtu ukiungua unajitoa wenyewe, hauulizi."

"Kwa hiyo hakusinzia."

"Hakusinzia."

"Na hakukusudia."

Fundi alikumbuka minong'ono ya msibani. "Akusudie nini? Alikuwa anatafuta barabara. Si unaona? Anapangusa."

Waligeuka wote wawili. Mkono ule ulikuwa bado unafanya kazi, lakini taratibu sasa, na baada ya muda kipande kile kikabaki wazi, ukungu usikirudie. Kupitia hapo kilionekana kiti cha dereva, kitupu. Hakuna kilichotokea tena. Nje redio ya fundi viatu ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira.

Mjane alikaa juu ya sanduku la spana, koki mapajani. Fundi akaanza kuokota madaftari, ili mikono yake iwe na shughuli.

"Tuligombana alfajiri ile," mjane alisema. "Kila mwisho wa wiki yeye na gari, yeye na gari. Nilitoka na kanga mpaka getini, nikamwambia: nenda na gari lako, na mkitaka msirudi wote wawili. Hakunijibu. Halafu wakaja kuniambia hakuna alama za breki."

Fundi alisimama na madaftari kifuani.

"Miezi kumi na moja," alisema mjane. "Nafundisha watoto wa watu, napika, naitikia salamu, na ninajua ni mimi niliyemtuma. Watu wakininong'ona nasema moyoni, mmechelewa, mimi nimejua kabla yenu."

Hapo ndipo Fundi alipokijua alichokifanya. Alidhani amenyamaza na mzigo wake mwenyewe, kumbe siku zote aliubebesha mwanamke huyu, na kila alipopita sokoni akampungia mkono, alikuwa anamwongezea. Alitamani sakafu imfungukie. Akapiga magoti pale pale kwenye mafuta machafu, mtu mzima mwenye mvi.

"Shemeji, nisamehe."

Alikuwa analia, yule mjane, lakini uso wake ulikuwa na kitu ambacho Fundi hakukitegemea na kilichomuumiza kuliko matusi. Alikuwa anatabasamu.

"Usiniombe msamaha leo," alisema. "Siku yake itafika, na siku hiyo sijui nitakujibu nini. Huenda nikaja na polisi. Lakini leo niache, Fundi, tafadhali. Leo ndiyo nimejua mume wangu alitaka kurudi nyumbani."